Nani Aliyeiokota Kanda ya Marziya?

Ukitaka kugombana na Marziya Abdeali, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, mwambie filamu za kanda iliyookotwa ni upuuzi. Nilimwambia hivyo Jumapili moja chumbani kwake Kibokoni, Mji wa Kale, mchana, madirisha tumeyafunga ili runinga ionekane vizuri, sahani ya kachri, vile vibanzi vikavu vya viazi, katikati yetu. Aliisimamisha filamu, akanigeukia mwili mzima.

"Wewe waogopa," akasema. "Ndiyo maana waitukana."

Kweli nilikuwa naogopa. Nafundisha shule moja huko Tudor, na watoto wangu wa darasa la tano hawanitishi, wala wazazi wao, lakini mlango ukifunguka wenyewe kwenye filamu natafuta mto wa kujifichia uso. Marziya hutazama huku anakula. Pale mimi ninapofumba macho, yeye husogea mbele ili aone mpiga picha alisimama wapi.

Kwa asiyezijua, filamu hizi hujifanya si filamu. Unaambiwa mwanzoni kwamba watu fulani walikwenda mahali na kamera yao, wakapotea, na baadaye kamera ikapatikana. Unachokitazama ni kile walichokipiga wenyewe. Picha inatikisika, sauti inakatika, mtu usiyemwona anahema nyuma ya kamera, na wewe umekaa hapo unajua kwamba wote hawa wamekwisha kufa. Kuna raha gani hapo, sijui. Marziya anajua.

"Filamu nyengine zakwambia uogope lini," alinieleza siku ile. "Muziki wapanda, wajua kitu chaja, wajifunika zako. Hizi hazikwambii. Waoneshwa ukumbi mtupu. Watazama pembe hini, watazama pembe ile, hakuna kitu, na mwisho ni wewe mwenyewe wajitisha. Tena hakuna uso unaoujua. Hakuna nyota wa filamu ambaye jana ulimwona akicheka kwenye tangazo la sabuni. Ni watu tu. Na nyumba ni nyumba tu, yaweza kuwa hini yetu."

Lakini asidhani mtu kwamba Marziya huzipenda kwa upofu. Hakuna anayezisema vibaya kama yeye. Kero yake kubwa ilikuwa betri. "Mimi harusini betri yangu hainifikishi kwenye keki," atasema, "na huyu yuwakimbizwa na shetani tangu juzi, betri yake nzima!" Kero ya pili ni kukimbia. Mtu mwenye hofu hutupa hata viatu, lakini watu wa filamu hizi huikumbatia kamera mpaka mwisho, na nusu ya mwisho unaona miguu, majani na giza, hadi kichwa kinakuzunguka. Na kero ya tatu ni kwamba hazimaliziki. Kamera inaanguka, basi, nendeni makwenu. Hapo Marziya huirushia runinga ganda la karanga.

Haya yote anayasema kama mtu wa kazi, kwa sababu kamera ndiyo kazi yake. Marehemu babake alikuwa na studio ndogo upande wa Makadara, akipiga picha za paspoti na za familia, na za harusi kwa nje. Za ndani hakuzipiga maisha yake yote, maana ndani kwa wanawake haingii mwanamume hata awe nani. Bintiye akaingia. Leo harusi ya wanawake Mji wa Kale bila Marziya ni harusi iliyopungukiwa. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa kuonwa, mabuibui yamevuliwa, nywele na mabega viko nje, kila mmoja kavaa dhahabu yake yote. Simu hukusanywa mlangoni na kutiwa kikapuni, na mama mmoja mkali hukaa na kikapu hicho asibanduke. Kamera inayopita mlango huo ni moja tu. Marziya akimaliza huihariri kanda peke yake, humpelekea mama wa bibi harusi nakala yake, kisha zote nyingine huzifuta mbele ya macho ya mama huyo. Mjini hapa tunasemana kwa mengi, tena bila huruma, lakini kwa jambo hilo Marziya alikuwa hajapata kusemwa.

Wazo la kutengeneza filamu yake mwenyewe lilimjia akiwa anagombana na runinga kuhusu mtu mwingine aliyekataa kuweka kamera chini. "Ni mtu gani," akaniuliza, "hatui kamera hata nyumba ikiungua?" Nikasema simjui. "Mimi!" akasema. "Mpiga harusi. Mama wa bibi harusi keshamwambia usikatize mpaka mwanangu atoke, basi hakatizi. Hata akiona nini."

Nikaona ni kweli. Niliona pia kwamba nitaingizwa humo, nikaingizwa.

Tulipiga katika nyumba ya shangazi yake hapo hapo Kibokoni, iliyokuwa tupu ikingoja mafundi. Tulipiga mchana, tukaziba madirisha kwa mablanketi. Mimi nilikuwa somo, yaani yule mama anayemsinga bibi harusi, kumsugua mwili kwa liwa na manukato, na kumfunda. Sauti yangu ilisikika na mikono yangu ilionekana, uso nilikataa. Bibi harusi alikuwa Mwikali, rafiki yetu anayefanya kazi katika ofisi moja bandarini. Mwikali ni Mkamba wa Machakos, mcheshi kupita kiasi, ila ana kipaji kimoja cha ajabu: ukimwambia akae kimya, hukaa mpaka ukamwonea wasiwasi. Marziya alishika kamera na kuigiza mtu anayeshika kamera.

Hadithi ni nyepesi. Mpiga harusi anakuja kupiga siku ya singo. Bibi harusi amekaa mkekani, kajifunika leso gubigubi. Kamera inakwenda jikoni, inarudi, bibi harusi amekaa mahali pengine. Hakuna aliyemwona akiondoka. Somo anamsinga mkono huku akisimulia habari za watu. Kamera inapita kwenye kioo cha kabati, na ndani ya kioo somo yuko, mkeka uko, mkekani hapana mtu. Somo anatoka kuchukua marashi. Bibi harusi anaanza kuimba chini ya leso, taratibu, kwa sauti ya bibi kizee. Mwisho kamera inasogea, mkono unanyooka, leso inafunuliwa, na uso unaonekana.

Uso ndio uliokuwa ubovu wa filamu. Kabla ya hapo, mimi niliyekuwamo, niliyejua kioo kilifanyiwa hila gani, nywele zilinisimama. Leso ilipofunuliwa nikamwona Mwikali kapakwa unga wa mchele na wanja. Nilimwambia Marziya. Akanijibu kwamba watu wakingojeshwa lazima wapewe kitu.

Alipomaliza kuhariri aliwaalika akina mama waje kuitazama kwake. Kuwaonjesha, alikata kipande kimoja, pale leso inapoteleza ukaona nywele na mabega ya bibi harusi kwa nyuma, kisha kioo, akakituma kwenye kundi letu la simu. Na juu yake akaandika kama zinavyoandikwa filamu hizi zote: *Kanda hii iliokotwa katika nyumba moja Kibokoni. Aliyeipiga hajulikani aliko.* Habari ya kuwaalika aliiandika chini, katika ujumbe wa peke yake.

Mwaliko haukwenda popote. Kipande kilikwenda mji mzima.

Kesho yake nilikuwa chumba cha walimu, Loise wa sayansi akanijia na simu. "Umeona hii? Wanasema mpiga picha alikufa." Akaiweka sikioni kwangu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisimulia habari za watu. Nilimweleza Loise kwamba ni mchezo. Hakuniamini. Nilimwambia huyo somo ni mimi. Akanitazama kwa huruma, akaniambia nikapumzike.

Nilirudi Kibokoni nikicheka peke yangu, nikidhani nampelekea Marziya habari njema. Nilimkuta kakaa kitako chini, simu mapajani, haigusi. Kwa watu wa Tudor ile ilikuwa kanda ya jini. Watu wetu hawakuwa na haja na jini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya kioo. Walichouliza ni kimoja: yule mtoto ni wa nani? Mabega yale ni ya mtoto wa nani, na harusi ilikuwa lini, na kanda ya ndani imetokaje nje? Kibokoni mpiga harusi wa wanawake ni mmoja, basi aliyevujisha ni mmoja. Akina mama aliowapigia harusi tangu wasichana wao wa kwanza walikuwa wakipigiana simu kuulizana kama kanda zao ziko salama. Wawili walikuwa wamekwisha kumwambia asije kwenye harusi zao.

"Waliamini," Marziya akaniambia. Macho yalikuwa mekundu, lakini nakuapia kulikuwa na fahari ndani yake. "Kila mmoja kaamini. Ndivyo zinavyotakiwa ziwe. Ndiyo nguvu yake."

Niliudhika. Nilimwambia nguvu hiyo itamlaza njaa.

Aliyebaki kusema neno lake alikuwa Bi Sheikhan. Bintiye Munazza alikuwa aolewe, na kupamba kwake kulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Bi Sheikhan hapigi kelele wala haendi huku na huku, lakini akina mama wa mtaani wakitaka kujua la kufanya hungoja waone yeye kafanya nini. Akimkataa Marziya, hakuna mlango mwingine ambao ungefunguliwa. Jioni ile ujumbe wake ukaja: *Njoo unione kesho baada ya Adhuhuri.* Salamu hakuna.

Mimi shauri langu lilikuwa rahisi. Aende akaombe radhi, aifute filamu, aseme hatarudia. Marziya akakataa. "Nitaomba radhi kwa yale maneno nilioandika juu," akasema, "kwa sababu yalikuwa urongo na watu waliumia roho. Kwa kuigiza sitaomba. Kuigiza si aibu." Akampigia Mwikali simu aombe ruhusa kazini.

Tulikwenda watatu. Bi Sheikhan alitupokea vizuri, na hilo lilinitisha kuliko lau angetufokea.

"Masalkheri, Bi Sheikhan."

"Masalkheri, wanangu. Karibuni. Mamako yuwaonaje, Marziya?"

"Salama, alhamdulillahi. Yuwakusalimu."

Kahawa ikaja, na kaimati. Alitungoja tunywe. Ndipo Marziya akaomba radhi kwa yale maneno aliyoyaandika, kisha akasema, bila kuzunguka, "Mamangu, bibi harusi unayemuuliza mji mzima ni huyu hapa." Akamwonesha Mwikali.

"Ndiye mimi, mama," Mwikali akasema. "Sijaolewa, na kwa hali ninavyoiona si karibuni. Nywele pia si zangu, ni za kubandika."

Bi Sheikhan alimwangalia, akaitazama filamu yote kwenye kompyuta ya Marziya. Ilipofika kwenye kioo aliishika shanga ya tasbihi yake akaisahau kuisukuma. Alipouona ule uso wa unga aliguna kidogo. Kisha akafunga kompyuta kwa mkono wake.

"Haya, nimejua ni mchezo," akasema. "Watu n'tawaambia. Umezua urongo, umeomba radhi, yamekwisha hayo. Lakini kuna kitu sijakifahamu, nawe ndiwe unozijua filamu hizi. Umeandika imeokotwa. Aloiokota ni nani?"

Marziya akasema hakuna, ni desturi yake kuandikwa hivyo.

"Hata kwenye mchezo yuko. Kuna mtu kaingia nyumba ya watu, kakuta kanda ya ndani, ya mwari hajafunikwa, mamake hayupo. Kaiona. Kisha kaichukua akaja kutuonesha sisi. Ruhusa kapawa na nani? Mimi hilo jini lako silijali, mwanangu. Mimi namuogopa huyo aloiokota. Na wewe, mtu nilokuwa nikikuaminia wanangu, umekaa ukatunga, na huyo hukumuona?"

Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba ya Marziya. Alikaa, kikombe mkononi, akitazama kompyuta iliyofungwa, na mimi nikasema moyoni, basi, Alhamisi imekwenda na kazi imekwenda.

Alipoinua uso alikuwa anang'aa.

"Sikumuona," akasema. "Bi Sheikhan, wallahi sikumuona. Miaka yote nateta juu ya betri! Betri ni kitu gani? Zote zina ubovu huu, zote. Maiti hajazikwa vizuri, kanda yake yaoneshwa, na sisi twatazama twala kachri, hakuna anouliza mamake alisema nini." Akaanza kucheka, akajizuia kwa adabu, akashindwa. "Mamake! Aloiokota ni mamake! Bi Sheikhan, mikono yako nakuomba. Mikono tu, uso hauonekani."

Mwikali alinikanyaga mguu. Nilingoja tufukuzwe.

Bi Sheikhan aliitazama mikono yake, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayevikagua vyombo vya wageni. "Hina imefifia," akasema. "Ngojeni Jumatano."

Ikangojewa Jumatano. Kipande hicho kipya kilipigwa chumbani kwake kwa muda mfupi, na alihitaji kuelekezwa mara moja tu, asiitazame kamera. Marziya alikwenda nacho chumbani akajifungia. Aliniomba nimpelekee chakula, nikakirudisha kilivyokwenda.

Jumamosi baada ya Asri, sebule ya Bi Sheikhan ilijaa akina mama hadi kwenye ngazi. Wale wawili waliomwambia Marziya asije walikuwapo, wamekaa mbele kabisa, maana hasira haijamzuia mtu wetu kuja kuona. Madirisha yakafungwa. Kabla ya kuanza Marziya alisimama akaeleza kwamba haya ni maigizo, bibi harusi ni Mwikali, nyumba ni ya shangazi, na somo ni mwalimu huyo hapo. Watu wakanicheka. Nilifikiri basi, amekwisha kuiua, nani ataogopa kitu alichokwisha kuelezwa?

Waliogopa. Bibi harusi alipohama mahali pake nilisikia mtu akisoma dua chini kwa chini. Kwenye kioo mama mmoja alimwita mwenziwe kwa jina. Ulipoanza wimbo, sebule nzima ilisogeleana. Kamera ikakaribia, mkono ukanyooka, ncha ya leso ikashikwa, ikaanza kuinuliwa, na hapo picha ikarudi nyuma, tukaona kwamba tunachotazama kimo ndani ya runinga ndogo, katika chumba cha kulala, na mbele yake kuna mtu kakaa kitandani, mgongo kwetu, akitazama kama sisi. Mikono yake yenye hina ikanyooka.

"Basi," sauti ya Bi Sheikhan ikasema kutoka kwenye filamu. "Huyo ni mwanangu. Ruhusa yenu imefika hapo."

Kidole kikabonyeza. Giza.

Ukelele uliotoka pale sijawahi kuusikia hata kwenye harusi. Unga wa mchele haukuwapo, uso haukuwapo, na kila mmoja alikuwa ameuona wake. Kisha zikaanza kelele nyingine: "Uso! Twataka uso!" Kanda ilikuwa imekatika vilevile kama zinavyokatika zote, na Marziya hakutupiwa ganda, maana safari hii aliyeikata alikuwa na haki ya kuikata.

"Uso hamuuoni," Bi Sheikhan akasema kutoka kitini kwake. "Kila mtu na wake."

Wakacheka, na kicheko kilipotulia mmoja wa wale wawili wa mbele akauliza lile ambalo wote tulikuja kulisikia. "Na Alhamisi, Bi Sheikhan? Nani apiga?"

Marziya alikuwa ameinama kwenye nyaya za runinga, hakuinuka. Munazza, bibi harusi mwenyewe, alikuwa akimtazama mamake. Bi Sheikhan aliiweka sawa leso yake mabegani, hakuwa na haraka.

"Mwanangu apigwa na Marziya," akasema. "Asotaka kuonwa na Marziya, asije." Kisha akageuka. "Lakini wewe, Marziya, sikiza. Alhamisi ukiona kitu kwa hiyo kamera yako, sisi hatukioni, usitwambie. Piga tu, mpaka mwanangu atoke."

Vigelegele vikapigwa, madirisha yakafunguliwa, watu wakaanza kutafuta viatu. Marziya alisema, "Inshallah, mamangu," akaendelea na waya wake. Ulikuwa waya mmoja wa kuchomoa, lakini aliuvuta mara tatu na haukutoka. Munazza akapiga magoti kando yake, akauchomoa, akampa.